Mchawi Mzuri

Wiki mbili zilizopita nilikuwa sokoni Mbinga, kwa kijana muuza mitumba, nikimtafutia binti yangu begi la shule. Kijana alikuwa anayachomoa mabegi moja moja kutoka kwenye robota na kuyakung'uta, na la nne au la tano lilikuwa la bluu, zipu imechanika, mbele limechapwa picha ya mtu mwenye kanzu ya kijani, mikono ameinua, viganja vimetazama mbele. Rangi ilikuwa imebanduka usoni hata macho hayaonekani. Nilimjua papo hapo.

"Hili zuri, dada," kijana akasema. "Huyu si yule wa sinema?"

Nikamwambia silitaki. Akasema zipu inashonwa tu, fundi yuko hapo nyuma. Niliondoka bila kununua kitu, nikaenda kukaa kwenye ngazi za duka la pembejeo. Binti yangu ana miaka tisa. Nami nilikuwa na miaka tisa nilipomwona mtu yule kwa mara ya kwanza, na katika miaka yote iliyopita sijawahi kumweleza mtu yeyote, hata mume wangu, habari nzima ilivyokuwa.

Kijiji chetu kiko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Lituhi. Milima imekaa nyuma yetu karibu sana, hivyo jua tulikuwa tunalipata limeshapanda. Asubuhi wanawake walikuwa wanaanika usipa kwenye vichanja, na harufu ya wale samaki wadogo ilikaa katika nguo, katika nywele, katika madaftari yetu ya shule. Mwalimu mmoja mgeni aliwahi kusema angeweza kusahihisha madaftari ya darasa letu akiwa amefumba macho. Tulicheka, ila nilipofika nyumbani nilinusa daftari langu na sikusikia kitu. Nilikuwa nimezoea.

Nilikaa na Baba, Mama na Bibi Rozalia, mama yake Baba. Katika kipindi ninachokisimulia Mama hakuwepo. Alikuwa na ujauzito ulioleta shida, akapelekwa Mbinga kwa shangazi ili awe karibu na hospitali. Kwa hiyo tulikuwa watatu, na mimi nilikuwa wa Bibi. Nililala kwake, nilikula kwake, nilichambua usipa naye. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Na sisi alizungumza Kinyasa. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya wageni na kwa ajili ya sala.

Burudani ya kijiji ilikuwa kibanda cha Otmari. Otmari alikuwa kijana wa kama miaka ishirini na mitano, amewahi kukaa Songea, akarudi na televisheni, deki na jenereta. Alijenga kibanda kwa mabanzi na turubai, akaweka magogo ya kukalia, na kila Jumamosi mchana, baada ya mafundisho ya dini, watoto tuliruhusiwa kuingia. Ndani kulikuwa na joto na moshi wa petroli uliowasha macho. Hakuna aliyejali.

Jumamosi moja Otmari alikuwa na sidii mpya. Alitueleza kwamba sinema hiyo ilitokana na kitabu cha katuni, na kwamba kitabu chenyewe anacho. Alikipata kwa bahati, ndani ya mzigo wa magazeti ya zamani ambayo mama yake alinunua ya kufungia maandazi. Hakikuwa na jalada, kimeandikwa Kiingereza, kurasa za mwisho hazipo. Alituruhusu kukishika kama tumenawa mikono. Mimi na rafiki yangu Stela tulinawa ziwani, tukajifuta kwenye sketi, tukakishika. Kila ukurasa uligawanywa vyumba vyumba, na katika kila chumba mtu mwenye kanzu ya kijani alikuwa anafanya jambo.

Kisha sinema ikaanza na yule mtu akatembea.

Alikuwa fundi saa aliyekuwa kiziwi. Alikwenda kisiwani, akamkuta bibi kizee aliyemfundisha mambo ya siri, na bibi yule siku moja akatoweka, akamwachia kazi. Fundi saa akarudi mjini, akaishi kimya, na hakuna aliyejua uwezo wake. Baadaye adui akazamisha meli iliyojaa watu. Mji wote ukalia. Siri yake ikavuja, watu wakamwendea yule fundi nyumbani kwake, wakapiga magoti, wakamwomba. Ndipo akatoka, akasimama ufukweni, akainua mikono, akakunja vidole, kimoja, cha pili, cha tatu, na maji yakapasuka. Meli ikapanda kutoka chini ikiwa imepinduka, tumbo juu, ikajigeuza hewani taratibu, na watu waliokuwa ndani wakaanza kukohoa na kucheka. Wote wazima.

Juu ya sauti za wenye sinema kulikuwa na sauti ya Mswahili mwenzetu aliyetafsiri. Alikuwa anapiga kelele kama anatangaza mpira. "Mchawi wetu huyo! Mchawi mzuri! Mchawi wa watu, jamani!" Kibanda kizima kilipiga makofi. Oswini, kaka yake Stela, alikuwa amesimama nyuma kwa sababu alikuwa mkubwa na magogo yalikuwa ya watoto. Alininyanyua, akaniweka mabegani, nikaona vizuri. Alikuwa na kicheko cha kukatikakatika, kama mtu anayepanda kilima. Bado nakisikia.

Leo najua maneno mengine ambayo mtafsiri angeweza kuyatumia. Alitaka neno la haraka, akachukua lililo karibu. Kwetu neno hilo halina uzuri wowote. Mchawi ni mtu anayeua. Hata mimi nilijua hivyo kabla ya Jumamosi ile. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na nilimwona kwa macho yangu mchawi akiokoa watu, nikaamini kwamba wako wa aina mbili.

Siku iliyofuata, Jumapili, niliamka nikatoka nje, nikamkuta Bibi amesimama mbele ya vichanja, ameelekea ziwani. Alikuwa ameinua mikono, viganja mbele. Akakunja vidole, kimoja, cha pili, cha tatu. Akavikunjua. Akaanza upya, midomo ikicheza.

Alikuwa anafanya hivyo kila asubuhi tangu nipate akili. Nilikuwa nimeliona jambo hilo na sijawahi kulitazama. Siku hiyo nilitazama, na mwili ukanisisimka wote.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nafanya kazi yangu," akasema bila kugeuka. Alipenda utani wa namna hiyo.

"Nani alikufundisha?"

"Yule mama wa zahanati."

"Yuko wapi?"

"Si walimhamisha. Hata kuaga hakuaga."

Nesi alikuwa amemwambia kwamba vidole vyake vinakakamaa, kwamba avinyooshe kila asubuhi kwenye jua, mara kumi, asiache. Midomo ilicheza kwa sababu alihesabu kwa Salamu Maria. Haya yote niliambiwa baadaye, wakati hayakuwa na faida. Asubuhi ile nilisikia tu kwamba alifundishwa na mwanamke, na kwamba mwanamke huyo ametoweka akamwachia kazi. Nilikaa chini kwenye mchanga. Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile.

Nilimwambia Stela peke yake. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na mihogo tu.

"Bibi yako?" akasema. "Bibi Rozalia?"

"Ndiyo. Lakini mzuri. Kama yule."

Hakuamini. Basi nikaamua kumthibitishia. Nilichukua daftari langu la jiografia, nikaligeuza, na katika kurasa za nyuma nikachora kitabu cha katuni. Niligawanya ukurasa vyumba sita kwa rula. Katika cha kwanza Bibi alikuwa anaanika usipa. Cha pili, nesi anamfundisha. Cha tatu na cha nne nimevisahau. Cha tano, upepo unapiga ziwa. Cha sita Bibi ameinua mikono, na mbele yake mtumbwi umepinduka, tumbo juu, kama meli ilivyokuwa inapanda. Nilichora watu watatu, kwa kuwa zaidi ya watatu hawakuenea. Niliwachora midomo wazi, maana walikuwa wanakohoa na kucheka. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: BIBI MCHAWI. Nilitaka kuongeza MZURI, lakini karatasi ilikuwa imeisha.

Stela alifurahi sana. Akaomba aazime aende nalo nyumbani akalitazame vizuri. Nikampa.

Sijui zilipita siku ngapi. Labda kumi. Oswini alitoka jioni moja na baba yake mdogo na kijana mwingine kwenda kuvua usipa kwa taa, kama walivyofanya kila mara mwezi unapokuwa umefifia. Mwera, ule upepo mkali wa kusini, ulianza kupiga kabla hakujakucha. Niliusikia ukivuta bati la jikoni. Asubuhi mitumbwi mingine ilirudi mmoja mmoja, watu wamelowa, hawasemi, na wanawake waliokuwa ufukweni waliihesabu. Wa akina Oswini haukurudi.

Na asubuhi hiyo, kabla habari haijatufikia, Bibi alisimama mbele ya vichanja akanyoosha vidole vyake mara kumi, kama siku zote, ameelekea ziwani. Watu walikuwa wanapita wakikimbilia ufukweni. Walimwona.

Mtumbwi ulipatikana mchana kwenye mawe ya upande wa kaskazini. Ulikuwa umepinduka. Watu hawakupatikana.

Nyumbani kwa Mama Oswini kulijaa. Alikuwa mama aliyefiwa na mume miaka ya nyuma, na Oswini, mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyekuwa anawalisha. Alilia mpaka sauti ikakatika, kisha akaendelea kufungua mdomo tu. Bibi alikwenda kukaa naye, akamshika mgongo. Mimi nilimfuata, nikamvuta kitenge.

"Bibi, nenda sasa."

"Wapi?"

"Ziwani. Ukawatoe."

Alinitazama, akanivuta kifuani. "Ni Mungu tu atakayewatoa, mwanangu."

Nilielewa kwamba anajificha. Hata yule fundi saa alijificha. Hakutoka nyumbani mpaka mji mzima ulipokwenda kumwomba, na hapa hakuna aliyekuwa ameomba, maana hakuna aliyejua. Nililala usiku ule nikiwaza jinsi ya kuwaambia watu.

Siku ya tatu Mama Oswini alifungua begi la Stela akitafuta karatasi ya kuandikia majina ya waliotoa rambirambi. Akakutana na daftari langu.

Hakuja nyumbani kupiga kelele. Alilipeleka moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, na kesho yake asubuhi tukaitwa ofisini, Bibi, Baba na mimi. Nilioga bila kuambiwa. Nilivaa gauni la kanisani. Niliposhuka njiani nikaona watu wamejaa mbele ya ofisi mpaka barabarani, moyo wangu ulipanda. Niliwaza: wamekuja kumwomba.

Bibi aliwekwa kwenye kiti peke yake. Baba alisimama nyuma yangu. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole. Aliniita kwa mkono, akafungua daftari magotini.

"Skola, usiogope, mwanangu. Picha hii umechora wewe?"

"Ndiyo."

"Umechora lini? Kabla ya msiba au baada?"

"Kabla."

Watu wakaguna. Nilidhani wanastaajabu.

"Huyu ni nani?"

"Bibi."

"Na hawa watatu?"

"Watu wa kwenye mtumbwi."

Akaweka kidole juu ya picha. Kisha akauliza taratibu, kwa sauti ambayo mtu humwulizia mtoto kama ameshiba. "Bibi yako ni mchawi?"

Nilijibu kwa nguvu, kama tulivyofundishwa kumjibu mwalimu, mikono nyuma. "Ndiyo! Ni mchawi. Mwombeni tu, atawatoa!"

Maneno yale ya mwisho hayakusikika. Neno "mchawi" lilipotoka, Mama Oswini alianguka chini, na wanawake wakapiga yowe lililofunika kila kitu. Nilirudia, "Mwombeni! Mwombeni!" Nadhani walidhani ninalia kwa hofu, kwa sababu mama mmoja alinivuta, akanificha uso tumboni kwake, akanibana hapo. Kitenge chake kilinuka moshi. Nilisikia mengine yote nikiwa humo gizani.

Nilimsikia Baba akisema, "Mtoto anaota tu huyu."

Sauti ya mwanamume ikamjibu. "Unamtetea? Basi tujue mko wawili."

Baba hakusema tena. Niliponyanyua kichwa nilimwona amekaa chini, kwenye ukingo wa baraza, anatazama mikono yake.

Nilimsikia Bibi akieleza kwa Kiswahili chake cha sala, akitafuta maneno, kwamba ni mazoezi, kwamba nesi alimwagiza. "Nesi yupi?" wakauliza. Aliyehamishwa. "Aa, amehamishwa!" Mtu akacheka.

Na Otmari alikuwepo. Hili nalisema kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko mengine. Alikuwa amesimama karibu na mlingoti wa bendera, na mwenyekiti alipoinua daftari watu walione, Otmari aliona vyumba sita vilivyopigwa kwa rula, akaona mikono, akaona mtumbwi tumbo juu. Mtu mzima pekee pale aliyeijua picha ile ilikotoka alikuwa yeye. Kitabu chenyewe kilikuwa kwake, kimetundikwa kwa uzi mlangoni. Lakini kulikuwa na minong'ono tayari kwamba sinema zake zinaleta mambo ya kishetani kijijini, na katekista alikuwa amemwonya. Tulitazamana. Akainamisha macho, akawa anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

Mwenyekiti alisema serikali haitambui uchawi. Alisema hivyo mara mbili, waziwazi, ili kila mtu asikie. Kisha akasema kwamba kwa usalama wa mama huyu, na kwa amani ya kijiji, ni vema akapumzike kwa ndugu kwa muda, na kwamba ana siku mbili za kujiandaa.

Siku mbili hazikuisha. Mchana huohuo vijana walikuja wakavunja vichanja, wakaukanyaga usipa wa wiki nzima mchangani, wakang'oa bati la jikoni. Walikuwa vijana niliowajua, waliokaa nami kwenye magogo ya Otmari. Bibi alikaa ndani akakunja nguo zake. Hakunitazama. Nilikaa mlangoni nikisubiri aniite.

Kesho yake Baba alimpeleka kwa lori lililokuwa linapandisha magunia ya usipa. Bibi alikuwa anakwenda Kigonsera, kwa mtoto wa marehemu dada yake. Alipanda juu ya magunia, Baba akapanda nyuma yake. Nikapiga kelele, "Bibi, na mimi!" Akavuta kitenge kichwani.

Nilibaki barabarani na Stela. Hatukuwa tumezungumza tangu msiba. Akasema, "Bibi yako amemuua Oswini. Wewe mwenyewe umesema."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mpaka dakika ile nilikuwa bado nadhani watu wamekosea namna ya kuomba.

Baba aliporudi nilimkimbilia, nikamwambia nilitaka kuandika mzuri, karatasi ikaisha. Nilimweleza fundi saa, meli, kisiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipiga kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwangu, na baada ya kunipiga yeye ndiye aliyelia.

Mama alirudi na mdogo wangu mgongoni baada ya mwezi hivi. Alikwenda ofisini kwa mwenyekiti na kichanga kile, akasimama mlangoni, na kijiji kizima kilimsikia. "Mtoto wa miaka tisa! Mmemfanya shahidi mtoto wa miaka tisa, watu wazima mmekaa!" Mwenyekiti alimwambia, pole mama, mambo yamekwisha tulia. Kweli yalikuwa yametulia. Vichanja vya Bibi vilikuwa vimechukuliwa kuni. Otmari alikuwa anaonesha sinema za ngumi.

Nilimwona Bibi mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa likizo ya Juni, na Kigonsera katika mwezi huo baridi inaingia mpaka kwenye meno. Baba aliniacha kwake kwa siku moja akaenda Mbinga. Wenyeji walikuwa wamempa Bibi chumba cha nyuma. Uani kulikuwa na kahawa imeanikwa kwenye mikeka, na Bibi alikuwa amekaa pembeni yake akiwa na koti la kiume lililomzidi, mikono ndani ya mifuko. Nikamwamkia, shikamoo Bibi. Akaitikia. Mwenyeji akaleta chai.

Hakutoa mikono mifukoni upesi. Alipoitoa nikaona kwa nini. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani na havikunjuki.

"Hunyooshi tena, Bibi?"

"Watu wana macho," akasema.

Nilimshikia kikombe akanywa. Alikunywa kidogo kidogo, akipuliza. Akaniambia ugali wa mahindi wa huko unamkaa tumboni, kwamba anatamani wa muhogo. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Skola, nilikukosea nini?"

Nikamweleza. Ilinichukua mchana wote, kwa sababu Bibi hakuwahi kuingia kibandani hata siku moja, na kila kitu kilihitaji kuelezwa, televisheni, katuni, kanzu ya kijani. Nilisimama uani nikamwonesha jinsi yule mtu alivyoinua mikono. Aliangalia haraka kule barabarani, akaniambia nishushe.

Nilipomaliza alirudisha mikono mifukoni.

"Kwa hiyo ulitaka wanisifu," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Haya."

Nimeigeuza ile "haya" kila upande kwa miaka yote hii. Kuna siku naisikia kama msamaha. Siku nyingi naisikia kama mtu aliyechoka tu, anayetaka kuingia ndani kwa sababu jua limeondoka.

Alifariki kabla ya mvua za pili. Alizikwa hukohuko, karibu na misheni. Kutoka kijijini kwetu alikwenda Baba peke yake. Baba naye tulimzika mwaka juzi, na tangu siku ile ofisini hakuwahi tena kusema neno lolote mbele za watu, si kanisani wala kwenye mkutano, hata kwenye harusi yangu.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia Mama. Nikiwa napita kwenye mihogo nikasikia naitwa. Alikuwa Mama Oswini, amezeeka, amekaa kwenye mkeka uani kwake na bakuli la usipa. Stela ameolewa Mbamba Bay, na mama yake amebaki humo peke yake.

"Skola! Njoo mwanangu, njoo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa." Akanishika mkono, akaubana. "Mimi kila siku nakuombea, unajua? Nyumba yenu nzima, wewe mtoto mdogo ndiye uliyekuwa na ujasiri wa kusema kweli. Mungu akubariki sana."

Sikuwahi kufikiri kwamba siku zote hizo alikuwa ananiwaza hivyo. Nikasema, "Mama, haikuwa kweli."

"Nini?"

"Ilikuwa sinema. Ya pale kwa Otmari. Nilichora kutoka kwenye sinema. Bibi alikuwa ananyoosha vidole tu, aliambiwa na nesi. Ulikuwa upepo, mama. Oswini alichukuliwa na upepo."

Hakuuachia mkono wangu. Alinitazama kwa muda mrefu, macho yamejaa maji, na nikaona kwamba amenielewa, kila neno. Nikaona pia kwamba alikuwa anajua zamani, au alikuwa karibu kujua, na alikuwa ameshikilia mlango kwa nguvu zake zote.

"Usiseme hivyo," akasema polepole. "Skola. Mimi niliyemfukuza yule mama ni mtu mzima sasa, nakaribia kwenda. Usiniambie hivyo."



Akasogeza bakuli katikati yetu, akafunua sahani ya ugali. "Kula, mwanangu. Umetoka mbali."

Nikanawa, nikala.